Nilikutana na kifurushi changu mwenyewe kazini saa nane usiku. Miezi minne baadaye nilikuwa natembea kilomita 780 na begi la kilo 6

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, lakini hili nimekaa nalo mwaka mzima na sasa naliandika. Ni refu, naomba tuvumiliane.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Huu ni mwaka wangu wa tisa Ujerumani, karibu na Köln. Nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, shifti ya usiku. Malori yanasogezwa kinyumenyume mpaka milangoni, mkanda unaanza kuzunguka saa nne, na mpaka alfajiri kazi ni moja: shika, skani, tupa upande wake. Ukikaa sana unavijua vitu kwa mlio bila kufungua. Viatu vinagonga pande mbili. Chakula cha paka kinamiminika kama mchanga. Nguo hazina mlio kabisa. Kuanzia ile wanayoiita Ijumaa Nyeusi, siku ya maduka kushusha bei mwisho wa Novemba, mpaka Krismasi, mtu hapati hata nafasi ya kujikuna. Halafu Januari vinaanza kurudi: boksi lile lile, utepe mpya wa gundi juu ya utepe wa zamani.

Desemba 2023, kama saa nane usiku, kikaja kifurushi chenye jina langu.

Nilikitikisa kama ninavyotikisa vya watu. Sikukumbuka nimeagiza nini. Nilisimama nacho mkononi nikijaribu kukumbuka, mpaka jamaa wa nyuma yangu akapiga kelele kwamba mzigo unarundikana. Nikakiweka kwenye njia yake, kikaondoka na lori, na kesho yake mchana nikiwa nimelala jirani akanipokelea. Ilikuwa taa ya mezani. Taa ya mezani nilikuwa nayo tayari, ndani ya boksi lake, chini ya kitanda.

Siku hiyo sikulala tena. Nilichukua karatasi nikaandika kila kitu ninacholipia kwa awamu: kochi, televisheni, simu, saa ya mkononi, baiskeli ya umeme niliyoipanda mara nne. Euro 412 kwa mwezi, nje ya kodi na chakula. Mimi, niliyetoka nyumba ambayo redio ilikuwa inafunikwa kitambaa cha mama ili isipate vumbi.

Na wakuu, tusiwasingizie Wajerumani peke yao. Nusu ya mzigo ule ulikuwa wa kwetu. Kila nikija likizo nakuja na mabegi mawili ya kilo 23, na yote mawili nayapima usiku wa mwisho nikihamisha manukato huku na viatu kule ili yasizidi hata robo. Simu ya huyu, wigi la yule, jezi za watoto, sabuni za kuogea ambazo Tanga zimejaa dukani. Miezi mitatu kabla ya safari nakopa, miezi sita baada ya safari nalipa. Mtu wa nje akitua na begi moja, mtaa mzima unajua mambo yamemwendea kombo. Hakuna aliyeniambia hivyo usoni, na hakukuwa na haja.

Kazini kuna mama mmoja, wazazi wake ni watu wa Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Ndiye aliyenitajia Njia ya Mtakatifu Yakobo, njia ya mahujaji tangu zamani, Camino de Santiago kwa lugha yao. Unaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, unavuka milima ya Pirenei, unakatiza kaskazini ya Hispania kwa miguu mpaka Santiago de Compostela. Kilomita kama 780, pungufu kidogo ya Dar hadi Mbeya. Vyako vyote viko mgongoni, na kila unapolala unagongewa muhuri. Mpaka hapo nikajua nitakwenda.

Nilipofunga begi nikampelekea alione. Akaliweka kwenye mizani ile ile tunayopimia vifurushi: kilo 11.4. Akaniambia desturi ya wanaotembea ni begi lisilozidi sehemu ya kumi ya uzito wako, na mimi nina kilo 68. Akafungua begi pale pale kwenye meza ya skana, akaanza kutoa.

Naendelea usiku nikipata mapumziko.

#2 Fundi Baiskeli

Mkuu, tupo. Ila hiyo baiskeli ya umeme iliyopandwa mara nne imeniuma roho.

#3 Dada wa Muscat

Kaka, assalamu alaykum. Nimesoma yote. Hapa Muscat nalea watoto wa watu mwaka wa sita, na hayo mabegi mawili nayajua hadi ninayaota. Ila nina swali, usilichukulie vibaya. Hiyo si hija ya Wakatoliki? Wewe mtu wa Ngamiani ulikuwa unaswalije njia nzima? Na ulikula nini kwenye nchi ya nguruwe?

#4 Mkaa Kimya

Niseme ukweli, mleta uzi. Haya ni matatizo ya walioshiba. Hapa Mbagala mimi natembea kwa miguu kila siku kwa sababu sina nauli, na hakuna anayenipigia muhuri. Mtu mwenye kochi la awamu anaacha kochi lake ndani, anakwenda kulala chini kwa hiari mwezi mmoja, anarudi kwenye kochi. Mimi kochi sina. Nikimbie nini?

#5 Mleta uzi

Mkuu Mkaa Kimya, nimeisoma comment yako mara tatu kabla ya kujibu. Umesema kweli na sitaizunguka. Mimi ninayo likizo ya siku 30 za kazi yenye mshahara ndani yake. Tajiri wa ghala ananilipa huku natembea. Mtu wa Mbagala hana hiyo, na mimi nisingekuwa nayo kama ningebaki. Nilichokwenda kukitafuta sikukiita umaskini, na popote nitakapoonekana nimeuremba umaskini naomba unishike hapo hapo.

Dada wa Muscat, waalaykum salaam. Nakujibu ndani ya safari yenyewe.

Niliondoka baada ya Idi, mwisho wa Aprili 2024. Treni Köln hadi Paris, Paris hadi Bayonne, kisha treni ndogo inayopanda bondeni kando ya mto hadi Saint-Jean. Pale unapewa kitabu cha kukunjwa cha kugongewa mihuri, kila unapolala muhuri mmoja, na kombe la baharini la kufunga kwenye begi. Kombe! Kitu ambacho sisi Tanga watoto wanachezea ufukweni, kule ndiyo alama ya hujaji tangu karne na karne.

Siku ya kwanza ndiyo inayovunja watu. Unaanza mita 170 hivi juu ya bahari, unapanda mpaka zaidi ya mita 1,400, unateremka Roncesvalles kwenye monasteri yenye vitanda zaidi ya 180 vya dabo deka. Begi langu baada ya yule mama kulichambua lilibaki kilo 7 na ushee, na hata hivyo kila gramu niliijua kwa jina. Mabega yalikuwa yanahesabu. Pawa benki kubwa: naihisi. Suruali ya pili nzito: naihisi. Chupa ya manukato niliyoirudisha kwa siri baada ya yule mama kuitoa: naihisi kuliko vyote.

Kwenye nyumba nyingi za mahujaji kuna meza au kikapu, watu wanaacha wasivyotaka kubeba na anayehitaji anachukua. Tulipofika karibu na Pamplona niliviacha vyote vitatu. Asubuhi manukato hayakuwepo. Begi likabaki kilo 6 na kidogo, na hivi ndivyo vilivyokuwemo: fulana mbili, suruali moja ya kuvaa na bukta moja, nguo za ndani tatu, sweta, koti la mvua, fuko la kulalia, kandambili, taulo jembamba, sabuni ya kipande inayofua na kuogesha, mswaki, sindano na uzi wa malengelenge, msala mwembamba, chaja, chupa ya maji. Siku 34 niliishi na hivyo. Kila jioni unafua ulichovaa, unakianika kwa pini, asubuhi kama hakijakauka unakipachika mgongoni kikauke njiani.

Kuswali: nilikusuru na kujumuisha, yaani kufupisha swala na kuziunganisha, kama msafiri yeyote. Njia yote inaelekea magharibi, na Kibla kutoka kule ni upande wa mashariki, kwa hiyo kila niliposimama kuswali nilikuwa naitazama njia niliyotoka. Hilo sikulipanga na sikulitegemea. Pembeni ya shamba la ngano, viatu kando, watu wanapita nyuma yangu wakipunguza sauti. Hakuna hata mmoja aliyenibughudhi.

Chakula ni kweli nguruwe amejaa. Lakini kila mgahawa, tangu alfajiri, una tortilla: mayai na viazi vilivyokaangwa pamoja, nene kama keki, unakatiwa kipande. Wakuu, ile ni chipsi mayai. Siku ya pili nilipoiona nyuma ya kioo nilikaribia kuitia kachumbari kwa macho. Nimekula chipsi mayai kutoka Navarra hadi Galicia. Na baada ya mji wa Estella, pale Irache, kiwanda cha divai kimeweka bomba ukutani linalotoa divai bure kwa wapita njia. Pembeni yake kuna bomba la pili la maji. Nikajaza chupa yangu ya maji, nikasukuma miguu.

Sasa kitu ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike. Nilikuwa na tabia ya kuchungulia programu za maduka kwenye simu kama mtu anayefunua sufuria jikoni, hana njaa, anafunua tu. Kwenye mapumziko ya shifti, chooni, kitandani. Siku za kwanza njiani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe mfukoni. Halafu Logroño soksi zangu zikatoboka kisigino, lengelenge likapasuka, nikaingia duka la vifaa vya kupandia milima. Ukuta mzima wa makoti, fimbo, taa za kichwani. Nikatoka na jozi moja ya soksi za sufu, euro 18. Nilijua zitakaa wapi kwenye begi, nitazifua saa ngapi na zitakauka kwa muda gani. Nakumbuka rangi yake, nakumbuka mkono wa muuzaji. Ile taa ya mezani mpaka leo sijui niliiagiza siku gani.

Baada ya Logroño kuna kijiji kinaitwa Grañón. Mahujaji wanalala ndani ya jengo la kanisa lenyewe, juu kwenye mnara, kwenye magodoro membamba sakafuni. Hakuna bei. Kuna kisanduku cha mbao kiko wazi, hakina kufuli, kimeandikwa kwa maana kwamba acha unachoweza, chukua unachohitaji. Tulipika pamoja supu ya dengu, watu kama arobaini, tukaosha vyombo kwa zamu. Nikaweka euro 15. Usiku naenda kujisaidia nikamwona kijana mmoja amesimama mbele ya kisanduku, ametoa noti ya ishirini, ameishika, ameirudisha, ameitoa tena, akaondoka nayo. Asubuhi aliandaa meza ya kifungua kinywa peke yake kabla yetu sote kuamka. Sikumwuliza chochote wala sikumwambia mtu, na hapa nalisema kwa sababu hakuna anayemjua.

#6 Mwanafunzi wa Sheria

Tuongelee upande wa viza kidogo maana vijana watauliza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Stetimenti ya benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, ushahidi wa malazi. Ukipata, siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Yaani Mtanzania akitaka kwenda kuishi na kilo 6 lazima kwanza athibitishe dirishani kwamba ana mali za kumrudisha nyumbani. Mleta uzi alivuka bila hayo kwa sababu ana kibali cha ukaazi. Hii si njia iliyo wazi kwa kila mtu.

#7 Mkaa Kimya

Nimerudi. Umenijibu kiungwana, na mimi nakupa yangu. Nilisema sina cha kukimbia, si kweli. Mwaka juzi nilikopa kwenye simu, laki na nusu, nikanunua simu nzuri zaidi ili nionekane kwenye kazi ya kuuza mitandaoni. Siku ya saba wakaanza kunipigia. Siku ya kumi wakawapigia mama mkwe, mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu wa mwanangu, maana walichota namba zote kwenye simu yangu. Benki Kuu ilipotaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, Novemba 2024, nilikuwa nimeshauza ile simu. Kwa hiyo ndiyo, hata sisi tusio na kochi jambo hili linatufikia. Endelea.

#8 Dada wa Muscat

Mkaa Kimya, pole sana kaka yangu. Mleta uzi, ulipotaja kilo 6 nimeikumbuka ihramu. Shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, tajiri na maskini hamjui nani ni nani. Nilifanya Umra mwaka jana kwa kudunduliza. Siku ya kurudi, mabasi yalisimama kwenye maduka, na mimi niliyelia mbele ya Kaaba nikashuka nikanunua mpaka begi likagoma kufunga zipu. Sijui nilikuwa namnunulia nani.

#9 Mleta uzi

Dada, hilo la mabasi kusimama kwenye maduka lipo na kule. Tena ndilo ninalotaka kulimaliza.

Baada ya Burgos unaingia Meseta, tambarare ya ngano mpaka León. Baada ya Carrión de los Condes kuna kilomita 17 bila kijiji, bila kivuli, bila duka. Watu wengi huwa wanapanda basi kuiruka. Kwangu ndipo palipokuwa patamu. Hakuna anayekuuzia kitu. Hakuna bango. Masikio yanasikia changarawe na pumzi yako. Karibu saa sita mchana nilitambua kwamba tangu alfajiri sikutaka chochote isipokuwa maji, na maji nilikuwa nayo.

Mpaka Galicia, juu mlimani, pale O Cebreiro. Padri wa kijiji kile, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kupaka mishale ya njano mwaka 1984, kwa rangi na brashi, ili watu wasipotee. Wakati ule wanaofika Santiago kwa mwaka walikuwa hawatimii 1,000. Mwaka niliotembea mimi wamefika karibu laki 5. Na ukifika Sarria unaona maana yake, kwa sababu kanuni inadai kilomita 100 za mwisho tu ili upewe cheti, basi wengi wanaanzia pale. Ghafla njia imejaa maduka ya makombe ya plastiki, fulana zenye mshale wa njano, sumaku za friji. Kuna magari yanakubebea begi mpaka unapolala kwa euro kama 5 au 7. Nikaona watu wanatembea mikono mitupu huku masanduku yao ya magurudumu yametangulia. Sikuwahukumu, wengine ni wazee, wengine ni wagonjwa. Lakini moyo uliingia uzito. Kitu nilichokikimbia kilikuwa kimenitangulia, kimepanga meza, kinanisubiri.

Santiago nilifika mvua inanyesha. Ndani ya kanisa kuu kuna sanamu ya Yakobo juu ya farasi, upanga mkononi, wanamwita Matamoros, muuaji wa Wamoori, yaani Waislamu wa enzi zile. Chini ya kwato za farasi wamepanga maua kuwafunika walioanguka. Dada wa Muscat, nilisimama pale muda. Watu wale walioangushwa walikuwa wanaelekea Kibla kile kile ninachoelekea. Sikupiga picha. Cheti nilichukua, kiko kwa Kilatini na hata jina langu wamejaribu kuligeuza, na sasa kiko ndani ya Msahafu, hakina fremu.

Nilirudi kazini Juni, mkanda ule ule. Sikuacha kazi, sikuchoma kochi. Kochi nilimalizia awamu zake, baiskeli nikauza, programu za maduka nikafuta. Mara mbili nimezirudisha, mara mbili nimefuta tena.

Lililokuwa gumu ni nyumbani. Desemba 2024 nilipiga simu kabla: nakuja, sileti kitu, ada za watoto nimeshalipa shuleni moja kwa moja. Dada yangu hakuniongelesha siku mbili. Mpwa wangu alikuwa ameahidiwa simu, si na mimi, lakini aliahidiwa kwa jina langu, na nilipotua nilimwona anachungulia nyuma ya gari. Uso wake mpaka leo haujanitoka. Sitadanganya kwamba kila mtu alielewa.

Mama alilichukua begi kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akalichukua tena kama anayehakikisha. Akanyamaza. Jioni tumekaa barazani ndipo akaniuliza, hiyo safari ya miguu, nilikuwa napeleka nini huko. Nikamwambia, sipeleki kitu, mama. Akacheka kwa pumzi kidogo, akasema babu yako alikuwa akitoka Pangani na mapakacha ya nazi mabegani, siku mbili njiani, na sisi watoto tulikuwa tunamsubiri kwenye mwembe wa nje. Tukimwona anakuja mikono mitupu tunakimbia kumlaki tukipiga kelele, kwa sababu mikono mitupu maana yake nazi zimenunuliwa zote. Akirudi na pakacha mkononi hakuna aliyekimbia.

Asubuhi akanitazama miguuni. Kandambili zile za Hispania zilikuwa zimekatika mkanda, nimefunga kwa uzi. Tukaenda wote soko la Ngamiani, akachagua jozi mwenyewe, akabishana bei mpaka shilingi mia tano ikapungua, akalipa kutoka kwenye pindo la khanga yake. Akanikataza kutoa pochi.

Zile za zamani aliomba abaki nazo.